Mfundishe mtoto kuchora hasira yake

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo, tuongelee watoto. Na siongelei ada wala yunifomu. Naongelea kile kilichomo ndani ya mtoto, ambacho wengi wetu hatujawahi kumuuliza.

Pita mtaa wowote hapa Kitete saa kumi jioni, utakuta watoto wamechuchumaa kwenye mchanga, kila mmoja na kijiti chake, wanachora. Mtu mzima akisimama kuangalia (na wengi hawasimami), swali ni lilelile: "Hiki nini sasa? Ng'ombe gani ana miguu sita?" Wenzake wanacheka, mtoto anafuta kwa kiganja, biashara imeisha. Kumbe inawezekana ng'ombe alikuwa anamkimbiza, na mtoto alikuwa anachora zile mbio. Hakuna aliyemuuliza.

Ninachosema leo ni kwamba mtoto anaweza kufundishwa kuchora anavyojisikia, sio anavyoona tu, na kazi hiyo haitaki pesa wala cheti cha chuo. Inataka mtu mkubwa mmoja, hata kaka au dada kama wewe unayesoma hapa, anayejua aulize nini na anyamaze wakati gani. Ukiifanya vizuri, mtoto asiye na maneno anapata njia ya kukwambia. Ukiifanya vibaya unaweza kumfunga mdomo kabisa, au ukamtia mtu matatani bure. Kwa hiyo twende taratibu.

KUCHORA UNAVYOJISIKIA NDIO NINI?

Kuna aina ya uchoraji inaitwa ekspreshonizimu. Jina gumu, jambo lenyewe jepesi. Mchoraji wa kawaida anauangalia mwembe anauchora ulivyo: shina la kahawia, majani ya kijani. Huyu mwingine anajiuliza, mwembe huu unanifanya nijisikieje? Kama aliwahi kuchapwa chini ya mwembe ule, anaweza kuuchora mweusi, matawi kama makucha, umemwinamia. Hajakosea. Macho yameona kijani, lakini mwili unakumbuka kitu kingine, naye amechora kile mwili unachokumbuka.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa Edvard Munch wa Norway. Mwaka 1893 alichora picha ambayo kwa Kiswahili tungeiita Ukelele. Mtu kasimama kwenye daraja, mikono mashavuni, mdomo wazi kama shimo, anga jekundu limejikunja mawimbi mawimbi. Munch alieleza kwamba jioni moja alikuwa anatembea na rafiki zake, jua linazama, akahisi ukelele mkubwa unapita katika dunia nzima. Hakuna binadamu mwenye uso kama ule, lakini yeyote aliyewahi kuamka usiku na hofu anauelewa bila mkalimani.

Mwaka 1905, mji wa Dresden, Ujerumani, vijana wanne waliokuwa wanasomea usanifu wa majengo walianzisha kundi la wachoraji, wakaliita Die Brücke, yaani Daraja. Mmoja wao alikuwa Ernst Ludwig Kirchner. Rangi kali, mistari ya harakaharaka, nyuso zimepinda. Mwaka 1911 huko Munich wakatokea akina Wassily Kandinsky na Franz Marc. Huyu Marc ndiye aliyechora farasi wa bluu. Mwaka 1912 walitoa kitabu chao, na ndani yake waliweka michoro ya watoto sambamba na kazi za wasanii wakubwa. Umeona? Mabingwa wenyewe walikuwa wanajifunza kwa watoto.

Tena sio kwa watoto tu. Wale wa Dresden walivutiwa sana na vinyago vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki walivyoviona kwenye makumbusho ya mji wao. Na 1905 ni mwaka uleule vita vya Maji Maji vimeanza huku kwetu, Mjerumani kakaa kwenye boma hapa Tabora. Kwa hiyo atakayekwambia kuchora hisia ni mambo ya Wazungu, mwambie hao Wazungu walichukua darasa kwetu.

Na sisi tunayo mpaka leo. Angalia vinyago vya Wamakonde vinavyoitwa shetani. Jicho moja kubwa, sikio limegeuka mkono, tumbo lina mdomo. Anayetajwa sana kwamba ndiye aliyeanzisha mtindo huo ni Samaki Likankoa, Dar es Salaam, miaka ya 1950. Baadaye George Lilanga, aliyefariki 2005, akawatoa mashetani hao kwenye mpingo akawaweka kwenye rangi, wakazunguka nchi za nje kwenye maonyesho makubwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza Mmakonde shetani gani ana jicho moja. Sasa kwa nini tunamuuliza mtoto wa darasa la pili?

KISWAHILI CHENYEWE KINACHORA

Hebu sikiliza tunavyoongea kila siku. Mtu akiwa na wasiwasi ana TUMBO JOTO. Mwenye hasira DAMU INAMCHEMKA. Mwenye huzuni ana MOYO MZITO. Aliyeumbuka USO UMEMSHUKA. Anayetaka kulia akajizuia ana DONGE KOONI. Mwenye hofu yuko ROHO JUU. Mwenye wivu ana KIJIBA CHA ROHO.

Hizo zote ni picha! Lugha yetu imeshaweka kila hisia mahali pake mwilini, ina uzito, ina joto, ina umbo. Ukimwambia mtoto wa miaka saba "eleza hisia zako," atakuangalia kama umeongea Kichina. Mwambie "nichoree tumbo joto likoje." Hapo anajua pa kuanzia. Moto uko wapi? Mkubwa au mdogo? Una rangi gani? Nani kauwasha? Na lile swali la mwisho ndilo lenye kazi kubwa, ila usiliulize kwa pupa. Tutalirudia.

Mtoto mwenyewe wala hahitaji kusukumwa sana. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa Austria aliyehamia Marekani, alitoa kitabu mwaka 1947 kuhusu ukuaji wa watoto katika kuchora. Alionyesha kwamba mtoto mdogo hukuza kile chenye uzito kwake na kukipunguza au kukiacha kisicho na uzito. Mkono unaookota embe unakuwa mrefu kuliko mti. Kichwa cha mama kinajaza karatasi nzima. Wewe unaona makosa ya vipimo, kumbe ndio vipimo vyake.

Tatizo linakuja akifika miaka tisa, kumi. Hapo anaanza kutaka picha yake ifanane na kitu halisi, anajilinganisha na mwenzake, anasema "mimi sijui kuchora," anaacha. Wengi wetu tuliacha hapohapo. Kwa hiyo ukisubiri mpaka awe mkubwa umechelewa kidogo, ingawa haijashindikana.

WALIOFANYA KWENYE SHIDA KUBWA

Kuna mwanamke anaitwa Friedl Dicker-Brandeis, mchoraji Myahudi aliyezaliwa Vienna mwaka 1898. Desemba 1942 Manazi walimfungia kwenye kambi ya Terezín, katika nchi inayoitwa Cheki leo. Mle ndani alikusanya watoto akawa anawafundisha kuchora kwa siri, kwa karatasi za kuokoteza. Hakuwaambia wachore mateso. Aliwapa mazoezi ya mistari, ya mdundo, ya rangi, akawaacha wachore wanachotaka: vipepeo, nyumba zao za zamani, milango, madirisha. Na alisisitiza kila mtoto aandike JINA LAKE kwenye mchoro, wakati kambi ilikuwa inamhesabu mtoto kama namba. Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa, na watoto wengi aliowafundisha waliuawa vilevile. Kabla ya kuondoka aliacha masanduku mawili yenye michoro karibu 4,500. Michoro hiyo ipo mpaka leo, inatunzwa kwenye Makumbusho ya Wayahudi mjini Prague.

Tuje jirani. Mwaka 2007 mtafiti wa shirika la Waging Peace la Uingereza, Anna Schmitt, alikwenda kambi za mashariki mwa Chad walikokimbilia watu wa Darfur, Sudan. Alikuwa anahoji akina mama. Wakamwambia, waulize na watoto. Akawapa watoto karatasi na penseli, akawaomba wachore kumbukumbu yao kali kuliko zote na ndoto zao za baadaye. Alirudi na michoro 500. Helikopta, nyumba zinawaka moto, watu wenye bunduki juu ya ngamia na farasi, watu wamelala chini. Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kule The Hague, ilikubali kupokea michoro ile kama ushahidi wa mazingira ya uhalifu uliotokea. Yaani penseli ya mtoto imefika mahakamani!

Na huku kwetu? Watu wa Tabora tunajua maana ya njia. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa kwenda Ujiji, na walipita wapagazi, pembe na watumwa waliofungwa minyororo, watoto wakiwemo. Njia hiyo baadaye ikawa reli: ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Upande huohuo wa magharibi ndiko walikotokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, wengine wakawekwa hapa mkoani kwetu Ulyankulu. Ndiko iliko kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na ambayo kuanzia Aprili 2015 ilijaa tena Warundi. Kambi za wakimbizi za Kigoma wakati ule mashirika yalitenga sehemu maalum za watoto, na kazi mle ndani ilikuwa michezo, nyimbo, hadithi na KUCHORA. Haikuwa kupitisha muda tu. Mtoto aliyetembea porini usiku amembeba mdogo wake hawezi kukaa tu akakusimulia kama anahojiwa redioni. Akishika kalamu ya rangi, mkono unaanza, mdomo unafuata baadaye.

SISI AMBAO HATUJAKIMBIA VITA JE?

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Usiseme watoto wetu wako salama kwa sababu hakuna bunduki mtaani.

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa nchi nzima kuhusu ukatili dhidi ya watoto, matokeo yakatolewa 2011. UNICEF walihusika, pamoja na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Waliwauliza vijana wa miaka 13 mpaka 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wavulana ilikuwa 1 kati ya 7. Na karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume, walisema walipigwa au kuumizwa mwili kabla ya umri huo. Sasa hesabu watoto wa mtaani kwako.

Halafu jiulize sisi tunamwambiaje mtoto akilia. "Nyamaza, nisikusikie!" Wa kiume: "Mwanaume halii." Wa kike: "Acha deko." Akimnunia mgeni: "Huna adabu, msalimie anko." Mtoto wa watu anajifunza mapema kwamba kilicho ndani kinatakiwa kibaki ndani. Ndio maana anayemuumiza mtoto hahangaiki sana kutafuta maficho. Ukimya tumeshamtengenezea sisi wenyewe.

Kuna watoto wengine ambao maneno yenyewe ni shida. Tabora kuna shule ya viziwi iliyoanza mwaka 1963, ya kwanza hapa nchini. Watoto wengi viziwi wanazaliwa na wazazi wanaosikia, na mara nyingi nyumbani hakuna anayejua lugha ya alama. Mtoto wa namna hiyo ukimpa karatasi umempa kitu ambacho wewe na yeye mnaweza kukisoma pamoja.

KINASAIDIA KWELI?

Mdau mbishi atauliza, na ana haki. Nitaje tafiti mbili.

Mwaka 1995 watafiti wa New Zealand waliwapeleka watoto kutembelea kituo cha zimamoto, kisha wakawauliza kilichotokea. Wengine waliambiwa wasimulie tu, wengine wachore huku wakisimulia. Wale wa miaka 5 na 6 waliochora walisimulia mambo MENGI zaidi. Zingatia: hawakusema "mchoro unaonyesha." Walisema mtoto akiwa anachora anaongea zaidi. Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi, lazima uwepo wa kusikiliza.

Utafiti wa pili, 2013, ni wa Jennifer Drake na Ellen Winner wa Marekani. Watoto wa miaka 6 mpaka 12 waliambiwa wafikirie jambo lililowasikitisha. Kundi moja likachora jambo lenyewe, jingine likachora kitu kingine kabisa. Waliochora kitu kingine ndio waliochangamka zaidi baadaye. Hii inatufundisha kwamba kumlazimisha mtoto achore huzuni kila siku sio dawa. Achore hasira yake akitaka, halafu mpe nafasi amalizie na kitu kinachompeleka mbali na hasira. Ndivyo alivyofanya hata yule mama wa Terezín, vipepeo na madirisha.

SASA TUNAFUNDISHAJE?

Vifaa kwanza, kwa sababu najua wapo watakaosema hawana hela ya rangi za dukani.

Karatasi: mfuko wa saruji, upande wa ndani, baada ya kuukung'uta vizuri nje (wewe, sio mtoto, vumbi lake sio zuri). Boksi la dukani. Nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Sakafu na chaki.

Rangi: mkaa kwa nyeusi. Majivu kwa kijivu. Udongo wa kichuguu kwa wekundu. Manjano ya pilau kwa njano. Majani mabichi ya mchicha yaliyopondwa kwa kijani. Bluu ya kufulia kwa bluu, ila hiyo aitumie mkubwa akiwepo, isiingie mdomoni. Changanya na uji mwepesi wa unga ili ishike kwenye karatasi.

Brashi: mswaki wa mti uliotafunwa. Au kidole.

Halafu mazoezi. Usiyafanye yote siku moja, nusu saa inatosha.

1. Mistari. Bila kuchora kitu chochote. "Nichoree mstari wenye hasira. Sasa wenye usingizi. Sasa unaoogopa. Sasa unaocheka." Utashangaa. Hasira inakuwa misumari, usingizi unalala, hofu inatetemeka au inajificha pembeni. Hili ndilo zoezi la kumwondolea mtoto wazo la "sijui kuchora," maana hakuna mstari wenye hasira uliokosewa.

2. Rangi. "Leo una rangi gani?" Achague, ajaze karatasi. USIMWAMBIE nyekundu ni hasira na nyeusi ni huzuni. Nyekundu kwake inaweza kuwa jezi ya Simba, na jezi ya Simba kwa mtoto ni furaha tupu (samahani watani wangu wa Yanga).

3. Picha za mwili. Zile za Kiswahili: tumbo joto, donge kooni, moyo mzito, damu inachemka. Mwache achague moja anayoijua. Kama hajawahi kuijua yoyote, usimbembeleze.

4. Uso wangu bila kioo. Ajichore siku aliyonuna. Rangi yoyote, macho popote. Mwonyeshe kwanza wewe kwa kuchora wako, tena uwe mbaya makusudi, acheke.

5. Mnyama. Kwa mtoto mwenye aibu au anayeogopa. "Chora fisi aliyeachwa peke yake." "Chora tembo aliyekasirika na watu wa msafara." Atasema ya fisi, wewe utakuwa unasikia yake. Usimkatishe kwa kusema "huyo fisi ni wewe eeh?" Ukisema hivyo amefunga duka.

6. Kufunga. Kila mara malizia kwa mchoro wa mahali pazuri: kwa bibi, juu ya mti, popote anapopenda. Halafu aandike jina lake.

MANENO YA KUSEMA NA YA KUMEZA

Meza haya: "Hii ni nini?" "Mbona umekosea?" "Lete nikuonyeshe." "Mwangalie mwenzako alivyochora vizuri." Hata "umechora vizuri sana" usiitumie kila saa, maana kesho atachora ili umsifie, sio ili aseme.

Sema haya: "Niambie kuhusu mchoro wako." "Hapa umekandamiza sana mkaa, hapa palikuwaje?" "Huyu anasikia nini?" "Halafu ikawaje?" Kisha NYAMAZA. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Watu wazima tunaogopa kimya kuliko watoto.

Na asipotaka kusema, basi. Mchoro ni wake. Akitaka kuuchana auchane, wengine wanapona kwa kuchana.

USIJIFANYE DAKTARI

Hapa naomba umakini, maana ndipo watu wanapoharibu. Ukishasoma makala kama hii unaweza kuanza kuona mateso kwenye kila karatasi. Mtoto kachora kwa rangi nyeusi? Labda ulimpa mkaa peke yake. Kachora kisu na damu? Labda jana kaangalia sinema kwenye kibanda cha video, au kuku kachinjwa nyumbani. Kachora baba ana mikono mirefu? Inaweza kuwa mikono inayopiga, inaweza kuwa mikono inayomrusha juu na kumdaka. Kwenye karatasi inafanana. HAKUNA mchoro ambao peke yake unathibitisha kwamba mtoto kafanyiwa jambo fulani. Hata ile ya Darfur ilipokelewa kama ushahidi wa mazingira, sio kumtia mtu fulani hatiani.

Unachotakiwa kuangalia ni mabadiliko na maneno. Mtoto aliyekuwa mchangamfu kawa kimya. Anachora jambo lilelile la kutisha wiki baada ya wiki. Anaogopa mtu fulani au sehemu fulani. Amerudi kukojoa kitandani. Na zaidi ya yote, akikwambia KWA MDOMO WAKE.

Akikwambia, fanya hivi. Sikiliza bila kushtuka usoni. Mwambie umefanya vizuri kuniambia, na sio kosa lako. Usimhoji kama polisi, wala usimtajie majina ("ni anko fulani eeh?"), maana mtoto mdogo anaweza kukubali tu ili umwachie. Usimuahidi kwamba itabaki siri, kwa sababu haitakiwi kubaki siri. Usimwendee mtuhumiwa kwa fujo, utamweka mtoto hatarini. Halafu piga 116, hiyo ni namba ya bure ya huduma kwa mtoto Tanzania. Au nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Kama ameumizwa mwili, hospitali kwanza, na kwa ukatili wa kingono usisubiri kesho. Hapa kwetu hospitali ya mkoa ya Kitete iko palepale.

Na kitu kimoja kwa sisi watu wa intaneti: USIWEKE mchoro huo mtandaoni na jina la mtoto. Najua utapata wachangiaji kibao. Lakini mtoto alikupa wewe, hakuwapa wao.

"MTIHANI HAUULIZI HAYO"

Ndio jibu utakalopata kwa wazazi wengi. Mtaala ulioboreshwa una somo la Sanaa na Michezo shule ya msingi, hilo ni jambo jema. Ila somo kuwepo kwenye karatasi na mtoto kuachiwa achore chake ni vitu viwili. Darasani mara nyingi kuchora ni kunakili: bendera, kikombe, mwenge, kama ubao unavyosema. Kunakili kunafundisha mkono na jicho, sikatai. Lakini hakumfundishi mtoto kwamba kilichomo ndani yake nacho kinastahili karatasi.

Mzee mmoja wa sanaa yetu, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere na kuanzisha Paa ya Paa Nairobi mwaka 1965, alijulikana kwa kupinga kunakili. Kwake kunakili kulikuwa kama kumlaza Mungu usingizi. Wanafunzi wake ilibidi wachore cha kwao, hata kama kimepinda.

Na sisi sio lazima tusubiri serikali. Jumamosi moja, chini ya mwembe mmoja, watoto sita wa jirani, boksi limekatwa vipande, mkaa. Waulize wazazi wao kwanza, na mkae mahali pa wazi mnapoonekana na watu, hilo ni kwa usalama wa watoto na wako pia. Anza na mistari yenye hasira. Utacheka, nao watacheka, halafu katikati ya kicheko mmoja atachora kitu na kunyamaza. Mkalie karibu huyo.

Haya wadau, uwanja wenu. Walimu, kaka, dada, mliowahi kujaribu kuchora na watoto, semeni mlitumia vifaa gani na ilikuwaje. Na wewe mwenyewe je, uliacha kuchora ukiwa darasa la ngapi, na ni nani alikwambia umekosea?

Tupo pamoja.